Tenki la lita 2,000 linafurika Januari, Mei halina kitu: tuongeze tenki au tuchimbe?

Swali: Shikamoo mhandisi. Tumejenga Ihumwa, Dodoma. Paa letu la mabati linafunika mita 10 kwa 12, na tuko watu sita pamoja na mama mkwe. Maji ya kisima cha jirani yana chumvi, ya bomba huja kwa mgawo. Mwaka jana tuliweka gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, upande wa mbele na tenki la lita 2,000. Mvua kubwa moja tu ikinyesha linajaa na kumwagika, lakini ilipofika Mei tulikuwa tunanunua maji ya madumu. Fundi mmoja anasema tuongeze tenki la lita 10,000, mwingine anasema tuchimbe tenki la chini ya ardhi la lita 50,000. Mume wangu anataka la chini. Mama mkwe anasema maji ya paa si ya kunywa. Tushike la nani?

Marahaba, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe ili mlizungumze nyumbani leo leo: ongezeni lita 10,000, lakini ziwe kwenye matenki mawili ya lita 5,000, na kabla ya kununua hata moja fungeni gata upande wa nyuma. Tenki la lita 50,000 liacheni kwa sasa, kwa sababu halitajaa. Mama mkwe naye ana hoja yenye uzito, nitaifikia.

Kwa nini nasema halitajaa? Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Hesabu yote inaanzia hapo. Eneo la paa hupimwa chini, pale matone yanapodondokea kuzunguka nyumba. Huna haja ya kupanda kupima mteremko wa bati. Paa lenu basi ni mita za mraba 120. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Maji mengine huruka nje ya gata, mengine hukaukia juu ya bati, mengine mtayamwaga kwa makusudi kama nitakavyoeleza, kwa hiyo kwa paa la mabati mimi huhesabu asilimia 85 tu. Zidisha 120 kwa 570, kisha kwa 0.85: ni lita 58,000 na ushei kwa mwaka mzima. Paa lenu halina zaidi ya hapo. Mwaka mbaya, mvua ikiishia milimita 400, zitakuwa lita 40,800.

Sasa tuyatumie. Watu sita wakitumia lita 50 kila mmoja kwa kuoga, kufua, kupika na kunywa, ni lita 300 kwa siku. Kuanzia Desemba mosi hadi Aprili 20 kuna siku kama 140. Katika siku hizo peke yake mtakuwa mmekwishatumia lita 42,000, na zitakazobaki za kuingia kiangazi ni 16,000. Tenki la 50,000 litakuwa na maji theluthi moja, na zege la theluthi mbili zilizobaki mtakuwa mmelilipia bure. Hata mkijibana mpaka lita 20 kwa mtu, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa huduma ya msingi tu, kiangazi chenu kinahitaji akiba ya lita 27,000 hivi. Kwa kila njia ninayoipiga hesabu, 50,000 ni kubwa kupita paa lenu au kupita mahitaji yenu.

Na mwaka jana hamkukosa mvua. Gata la mbele peke yake linakusanya nusu ya paa, mita za mraba 60, na mvua nzito moja ya milimita 40 ikipiga hapo inatosha kujaza lita 2,000. Kwa msimu mzima upande huo mmoja uliwapa karibu lita 29,000. Mlichokosa ni mahali pa kuziweka, na mpango wa kuzitumia.

Mpango ndio ninaousisitiza kuliko chombo. Watu wengi, mafundi wakiwemo, hupima tenki kwa mvua: wanaona maji yanavyomwagika Januari wanasema nunua kubwa. Tenki hupimwa kwa siku ambazo hazina mvua, na kwa kazi mliyoyapangia maji. Mtu wa Bukoba, anayepata karibu milimita 2,000 na mvua karibu kila mwezi, anaweza kuishi vizuri na tenki la lita 5,000 kwa sababu linajazwa tena kabla halijakauka. Dar es Salaam kuna vuli na masika, pengo ni fupi. Dodoma mna msimu mmoja, kisha mnakaa zaidi ya miezi saba mnatazama mawingu yanayopita. Ushauri uliomfaa ndugu yenu wa Bukoba hauwafai ninyi.

Kwa hiyo gaweni maji kwa kazi. Maji ya mvua hayana chumvi, sabuni inatoa povu, chai haibadiliki ladha. Hayo yawe ya kunywa na kupikia, mwaka mzima. Maji ya chumvi ya jirani ni ya chooni, kudeki na kufyatulia tofali za udongo, wala si za saruji, na nondo msiziguse nayo, zitaliwa na kutu. Maji ya mgawo yawe ya kuoga na kufulia. Kunywa na kupika huchukua lita 7 hivi kwa mtu, yaani 42 kwa ninyi sita. Weka 45 kwa ajili ya mgeni. Kuanzia Aprili 20 hadi mwisho wa Novemba ni siku 224. Mara 45, ni lita 10,080. Ndiyo maana fundi wako wa kwanza yuko sahihi, hata kama hakukueleza hesabu yake. Chini ya kila tenki kuna maji ya mwisho yasiyofika kwenye koki, pengine lita mia mbili na kitu kwa tenki la ukubwa huo, na hapo lile tenki lenu la zamani la 2,000 litaziba pengo.

Matenki hayo mawili yanajaa kwa milimita 100 tu za mvua paa zima likiwa na gata, maana yake mwaka wa kawaida Desemba haiishi. Baada ya hapo yanamwagika. Basi Desemba, Januari na Februari tumieni maji ya mvua kwa kila kitu: ogeni, fueni mashuka, osheni mazulia. Ikifika katikati ya Machi, simamisheni. Kuanzia siku hiyo maji ya matenki makubwa ni ya kunywa na kupikia tu, ili mvua za mwisho ziyakute yana nafasi ndogo na ziyaache yamejaa juu kabisa. Msingoje Aprili. Mvua za Dodoma zina tabia ya kukatika mapema bila kuaga, na anayefua kwa maji ya tenki Machi 30 ndiye anayenunua dumu Oktoba.

Kwa nini mawili badala ya moja? Kwanza ni kimo. Kabla hujaenda dukani, pima kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gata. Nyumba nyingi za chini zina mita 2.5 hivi hapo. Toa sentimita 50 za msingi wa tenki, toa na kipande cha bomba kinachohitaji mteremko, unabaki na chini ya mita mbili. Tenki la plastiki la lita 10,000 mara nyingi ni refu kupita hapo, na mtu akishalinunua ndipo anagundua mdomo wa tenki uko juu ya gata. Chagueni yale mafupi na mapana. Na ninaomba sana, tenki la mvua lisiwekwe juu ya mnara: maji ya paa hayapandi bila pampu. Pili ni usalama wa akiba. Mtoto akiacha koki wazi usiku, au tenki likipasuka, mnapoteza nusu, si yote. Yaunganisheni kwa chini kwa bomba lenye valvu katikati, na misingi yote miwili iwe usawa mmoja, la sivyo moja litamwagika wakati jingine halijajaa.

Msingi wenyewe msiuchukulie kama kazi ya jioni. Lita 5,000 ni tani tano zinazokaa mahali pamoja miezi kadhaa. Chimbeni hadi udongo mgumu, pangeni mawe, jazeni changarawe na kushindilia, kisha zege lenye nondo la unene wa sentimita 15, pana kupita tenki pande zote, lililosawazishwa kwa pimamaji. Kijiwe kimoja kilichobaki chini ya tenki la plastiki kinaweza kulitoboa. Kama eneo lenu lina ule udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, uondoeni wote chini ya msingi na kujaza changarawe, maana utauinua msingi upande mmoja. Acheni urefu wa kutosha chini ya koki kwa ndoo kukaa wima. Inaonekana jambo dogo, lakini koki iliyo chini mno ndiyo inayofanya watu wafukue shimo, na shimo hilo hugeuka dimbwi la mbu.

Sasa gata, sehemu ambayo watu hubana matumizi halafu wanalaumu mvua. Kanuni ya kazini ni sentimita moja ya mraba ya tundu la gata kwa kila mita moja ya mraba ya paa. Upande wenu mmoja una mita 60, kwa hiyo gata liwe na angalau sentimita za mraba 60. Gata la duara nusu la inchi 4 lina kama 39 au 40 tu. Mvua ya Dodoma, ambayo huja kwa kishindo, italipita juu. La inchi 6 linatosha kwa raha. Fundi bati akiwakunjia la pembe nne, sentimita 10 kwa 10, ni bora zaidi na pengine rahisi zaidi kwa bei. Mteremko uwe sentimita moja kwa kila mita, fundi avute uzi, asikadirie kwa macho. Kwa urefu wa mita 12, gata lingeshuka sentimita 12 kutoka mwanzo hadi mwisho, kimo ambacho hamna cha kupoteza. Bora liinuke katikati na kushuka pande zote mbili, sentimita 6 kila upande, halafu mabomba mawili yakutane kwenye tenki. Vishikio viwe kila sentimita 60, vikipigiliwa kwenye fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) isiyooza. Na ukingo wa bati uingie ndani ya gata kidogo tu, usivuke katikati yake. Kama bati ni refu na maji yanaruka, pigilieni kipande cha bati bapa kikining'inia kutoka ukingoni, kiyaongoze maji kushuka ndani ya gata.

Nafika kwa mama mkwe. Anasema maji ya paa si ya kunywa, na mwambieni kwa heshima kwamba kwa sehemu kubwa anasema kweli: maji ya paa lililoachwa hivi hivi si salama. Mvua ikishuka ni safi. Inachafuka juu ya bati. Mmekaa miezi saba bila tone, vumbi la Dodoma mnalijua, ndege wanalala kwenye mwarobaini ulioegemea paa, mijusi na paka wanapita. Kinyesi chao ndicho chenye vimelea vya kuharisha. Mvua ya kwanza inaosha uchafu huo wote na kuusukuma ndani ya tenki, na kama maji hayo hayakutupwa, mtayanywa.

Kwa hiyo lazima kuwe na njia ya kutupa maji ya kwanza. Utaratibu wa kawaida ni bomba lililofungwa kwa chini, linalosimama kando ya tenki. Maji machafu yanalijaza kwanza, likijaa ndipo yanayofuata yanapita juu kuelekea tenki. Hapa nina ugomvi na kazi nyingi ninazoziona: mafundi huweka kipande cha bomba la inchi 4 chenye mita moja na nusu na kuliita kisafishaji. Mita moja ya bomba hilo inabeba lita 8 hivi. Mahali penye vumbi kama kwenu mnahitaji kutupa milimita moja nzima ya mvua, yaani karibu lita 120 kwa paa lote, 60 kwa kila upande. Tumieni pipa la plastiki la lita 60 au zaidi lenye mfuniko kwa kila upande, na chini yake koki ndogo iachwe ikidondosha taratibu, ili pipa lijikaushe lenyewe kabla ya mvua nyingine. Kisafishaji kikitegemea mtu akumbuke kukifungua, baada ya wiki mbili kitakuwa kimejaa na hakifanyi kazi tena. Mvua ya kwanza kabisa ya msimu, tenganisheni bomba lisiingie tenki hata kidogo. Iacheni ioshe paa.

Kateni matawi ya mwarobaini yaliyo juu ya paa, kivuli mtakikosa lakini majani na ndege watapungua. Wekeni wavu wa matundu madogo kwenye mdomo wa tenki na kwenye bomba la kumwagia ziada. Mbu anayeeneza homa ya dengue huzaa kwenye maji masafi yaliyotulia, na Dar es Salaam ilionja hilo mwaka 2014 na tena 2019. Tenki liwe la rangi nzito, mwanga usiingie, vinginevyo ukijani utaota. Bomba linaloingiza maji lishuke mpaka karibu na chini na liishie kwa elbo, kiungo cha bomba kilichopinda, inayotazama juu, ili maji yanayoingia yasivuruge tope lililotulia. Koki iwe sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tenki, na kuwe na tundu lingine la kutolea tope kila Novemba.

Baada ya yote hayo, bado maji ya kunywa yatibuni. Chemsheni mpaka yatokote, au tumieni vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, au kama kuni na fedha vimebana, jazeni maji yasiyo na tope kwenye chupa safi za plastiki angavu za lita moja au mbili na kuzilaza juani kwa muda wa saa sita, au siku mbili kama kuna mawingu. Watoto chini ya miaka mitano na mama mkwe mwenyewe ndio wanaoumia haraka na maji yasiyotibiwa. Jambo moja la kumtuliza: maji yenu ya jirani hata yakichemshwa chumvi haitoki, inazidi kukolea. Maji ya mvua yaliyochemshwa ni bora kwake kuliko hayo. Atayaona hayana ladha mwanzoni, madini atayapata kwenye chakula.

Kama paa lingekuwa la nyasi, au lina rangi ya zamani inayobanduka ambayo huenda ina risasi, ningesema msinywe kabisa. La mabati lisilo na hayo ni zuri, kutu kidogo hakudhuru.

Bomba la ziada liwe na upana sawa na la kuingizia, na liyapeleke maji mbali na msingi wa nyumba. Yatamwagika mengi, lita elfu kadhaa kila mwezi wa mvua. Chimbeni vishimo kuzunguka mipapai na miembe, yaelekezwe huko.

Na mume wako kama bado anataka la chini? Hoja yake ina mantiki: maji yanakaa baridi, kiwanja hakiliwi, na watu wa visiwa vya Lamu wameishi karne nyingi kwa majabia, sakafu za chokaa zinazokusanya mvua na kuimimina kwenye matenki ya chini. Msimu mmoja mkishaandika kila wiki mnatumia lita ngapi, mtajua kama mnahitaji zaidi. Nikikadiria kwa sasa, lenu lingekuwa la lita 15,000 hadi 20,000, si 50,000, tena kwa maji ya kufulia. Liwe upande wa juu wa mteremko na mbali na choo cha shimo na karo la maji taka, kwa sababu ufa usioonekana huingiza maji machafu kama unavyotoa masafi. Lisiwe tenki la plastiki la kawaida lililozikwa. Halikutengenezwa kubeba udongo, likiwa tupu hubonyea. Liwe la mawe au tofali za saruji zenye nondo, lipu yenye dawa ya kuzuia maji, na zege limwagiliwe siku saba angalau. Mfuniko ufungwe kwa kufuli wakati wote, mna watoto. Siku ya kulisafisha asiingie mtu peke yake, na lifunguliwe mapema hewa ipite kwanza: hewa ya ndani ya shimo lililofungwa kwa muda mrefu inaweza kumwangusha mtu kabla hajaita, na anayeshuka kumwokoa bila kamba huanguka juu yake.